Hita, feni na ukungu wa kioo: kutafuta hitilafu katika gari kuukuu ya Zanzibar

Gari nyingi zinazotembea Unguja na Pemba zimefika bandarini Malindi zikiwa zimekwisha kutumika Japani, nchi ambayo sehemu zake za kaskazini hufunikwa na theluji kila mwaka, na kwa sababu hiyo kila Corolla, Noah au Escudo iliyoteremshwa hapa imekuja na mfumo kamili wa kupasha joto chumba cha abiria. Sisi tunaoishi katika jua la kaskazi tumezoea kuuona mfumo huo kuwa ni mzigo usio na kazi. Mpira wa hita ukianza kuvuja, fundi huikata mipira yote miwili, akaiunganisha kwa kipande cha bomba, na mwenye gari hushukuru kwamba ameokoa fedha.

Nami niliwahi kushukuru hivyo. Kisha, alfajiri moja ya masika, nikitoka Paje kuelekea mjini nikiwa na abiria wanne walioingia na nguo zilizorowa, kioo cha mbele kilijifunga ukungu mweupe mara tu nilipoingia chini ya miti ya Jozani. Feni ya ndani ilikuwa imekufa kwa miezi kadhaa na sikuijali, kwa kuwa vioo vya milango vilikuwa vikifunguka vizuri. Hita nayo ilikuwa imeshakatwa. Sikuwa na hewa kavu wala hewa ya moto ya kuelekeza kwenye kioo, mvua ilikuwa kubwa mno kwa kufungua madirisha, na nilijikuta nikifuta kioo kwa kitambaa kwa mkono mmoja huku mwengine ukishika usukani, mpaka nikasimama pembeni kwa hofu. Siku ile nilielewa kwamba hita na feni ni sehemu ya macho ya dereva, na tangu hapo nimejifunza kuzitafutia hitilafu mwenyewe kabla ya kununua kifaa chochote.

Maelezo haya yanahusu gari za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambazo vidhibiti vyake ni vya kuzungusha au kusukuma kwa mkono. Gari zenye kioo cha namba kinachojipangia joto chenyewe zina mambo mengine ya umeme, ingawa njia ya hewa ni ile ile.

Njia ya hewa, kwa ufupi

Hewa huingia kupitia matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele, pale waipa zinapolala. Hapo hukuta kilango cha kwanza, kinachochagua kama itatumika hewa ya nje au itazungushwa ile iliyomo ndani. Baadaye huvutwa na feni, ambayo mafundi wengi huiita bloa, na katika gari zenye usukani wa kulia feni hiyo kwa kawaida hukaa nyuma ya droo ya dashibodi upande wa abiria wa kushoto. Kutoka hapo hewa hupita kwenye evaporeta ya AC, yaani kile kifaa chenye mapezi kinachopooza hewa, ikiwa ipo, kisha kilango cha pili huamua ni kiasi gani kitakachopita kwenye rejeta ndogo ya hita, inayopitishiwa maji ya moto ya injini, na kiasi gani kitakachoikwepa. Mwisho, vilango vya ugawaji huielekeza usoni, miguuni au kwenye kioo.

Ukiikariri njia hii, nusu ya kazi imekwisha, kwa sababu kila malalamiko yana mahali pake katika mfuatano huo. Hewa isipotoka kabisa, shaka ni ya feni na umeme wake. Ikitoka kidogo huku feni inanguruma, shaka ni ya kitu kilichoziba. Ikitoka kwa wingi lakini kwa joto lisilotakiwa, shaka ni ya kilango cha pili, valvu ya maji ya hita au maji ya injini. Ikitoka mahali pasipotakiwa, shaka ni ya vilango vya mwisho.

Zana zinazohitajika si nyingi: bisibisi ya nyota, spana namba 10, koleo, tochi, fyuzi za akiba na mita ya kupimia umeme, hata ile ya bei ndogo. Ikiwa gari yako ina mifuko ya hewa ya usalama, usiguse waya zenye soketi za rangi ya njano chini ya dashibodi, na usizipime kwa mita wala taa ya majaribio.

Feni isiyozunguka

Sehemu hii nitaikalia zaidi, kwa kuwa ndiyo hitilafu inayokutwa mara nyingi, na ndiyo inayowafanya watu wanunue vitu wasivyovihitaji.

Anza kwa kuwasha swichi ya gari bila ya kuwasha injini, kisha pitisha feni katika kasi zake zote, moja baada ya nyengine, ukisikiliza. Ikiwa inafanya kazi kwenye kasi ya juu kabisa peke yake, na kimya katika kasi nyengine zote, karibu kila mara kilichokufa ni rezista ya feni. Rezista hupunguza umeme katika kasi za chini, lakini kasi ya juu huipita kando na kwenda moja kwa moja, ndiyo sababu hubaki nzima. Kifaa hiki ni kidogo, kimefungwa kwa skrubu mbili kwenye mkondo wa hewa karibu na feni, nacho huwekwa hapo makusudi ili hewa ikipooze. Ukikitoa utaona nyaya zilizojikunja kama springi na, katika aina nyingi, fyuzi ndogo ya joto iliyochomelewa juu yake. Usikubali kabisa fyuzi hiyo iungwe kwa kipande cha waya. Imewekwa ili kuzuia moto ndani ya dashibodi, na ikikatika huwa inakueleza kwamba feni inavuta umeme kupita kiasi au hewa haipiti vya kutosha.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Hununua rezista, hufunga, gari hufanya kazi kwa mwezi mmoja, kisha rezista huungua tena, na mwenye gari hulaumu kifaa. Chanzo mara nyingi ni feni yenyewe kuwa nzito, aidha kwa bushi zilizokauka au kwa filta iliyoziba, kwa hiyo kabla ya kufunga rezista mpya toa feni, izungushe kwa kidole, na uhakikishe inazunguka kwa wepesi na kusita polepole. Ikikwama au ikikwaruza, inataka kubadilishwa pamoja na rezista.

Ikiwa feni haizunguki katika kasi yoyote, angalia fyuzi kwanza, kisha ipige mota ya feni kwa mpini wa bisibisi, polepole, wakati swichi iko kwenye kasi ya juu. Feni ikiamka kwa kugongwa, kaboni zake, yaani vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, zimekwisha, na utaweza kuitumia siku chache tu. Isipoamka, ingia kwenye vipimo.

Chomoa soketi ya mota, weka swichi kwenye kasi ya juu, na upime kati ya pini mbili za soketi inayotoka kwenye gari. Ukipata volti 12 au karibu yake, umeme unafika na mota ndiyo iliyokufa. Ukikosa, weka waya mwekundu wa mita kwenye pini moja moja na mweusi kwenye bodi safi ya bati. Katika gari nyingi za Kijapani za wakati ule umeme chanya hufika kwenye mota moja kwa moja kupitia rilei (swichi inayowashwa kwa umeme), na swichi pamoja na rezista hukaa upande wa ethi, yaani upande ambao umeme hurudi kwenye bodi ya gari. Kwa hiyo ukikuta volti 12 kwenye pini moja lakini hakuna kitu kati ya pini mbili, hitilafu iko kwenye swichi ya kasi, rezista au ethi. Ukikosa umeme kwenye pini zote mbili, rudi kwenye fyuzi, rilei na waya zinazotoka kwenye swichi ya kuwashia gari.

Kwetu visiwani ethi inastahiki kushukiwa mapema kuliko inavyoandikwa katika vitabu vya huduma za gari. Hewa ya chumvi huingia kila mahali, hasa kwa gari inayolala karibu na ufukwe, na nimefungua zaidi ya soketi moja iliyoonekana nzima kwa nje huku pini zake zikiwa zimefunikwa na kutu ya kijani. Fungua skrubu ya ethi, kwangua bati mpaka ling'are, safisha pini kwa msasa laini, funga tena, na upake grisi kidogo juu yake. Angalia pia kama soketi ya swichi au ya rezista imebadilika rangi kuwa kahawia au plastiki yake imeyeyuka, kwa sababu soketi ya namna hiyo itaunguza kila kifaa kipya utakachokichomeka. Kata soketi hiyo na uweke nyengine yenye pini imara.

Neno moja kuhusu feni za mtumba, ambazo ndizo wengi wetu tunazonunua. Omba ijaribiwe kwa betri mbele yako, na usikilize kama inalia. Ukiifunga nyumbani na ikatoa hewa dhaifu ingawa inanguruma kwa nguvu, angalia mwelekeo wake, kwani feni ya aina hii ikiungwa waya kinyume huendelea kupuliza upande ule ule, lakini kwa unyonge. Mtu anaweza kuhangaika wiki nzima akitafuta kizuizi ambacho hakipo.

Feni inavuma lakini hewa ni kidogo

Tafuta filta ya hewa ya ndani. Gari nyingi za mwisho wa miaka ya 1990 zina nafasi yake nyuma ya droo ya dashibodi, baadhi zikiwa na filta ambayo haijaguswa tangu gari iondoke Japani, na nyengine zikiwa na nafasi tupu. Filta iliyoziba huwa nyeusi na nzito, na kuibadilisha ni kazi ya dakika 10. Ikiwa gari haina filta, uchafu wote umekwenda kwenye evaporeta. Tumia tochi kupitia tundu la feni uone kama mapezi yake yamefunikwa na vumbi lililoganda. Vumbi hilo huondolewa kwa brashi laini na maji ya sabuni nyepesi, bila ya kukandamiza mapezi, ambayo hupinda kwa urahisi sana.

Baada ya hapo fungua plastiki iliyo chini ya waipa. Gari inayolala chini ya mwembe au mkungu hukusanya majani hapo, majani huoza, na matope yake huziba si hewa tu bali pia matundu ya kutolea maji ya mvua. Maji yakikosa njia hupanda na kuingia kwenye feni. Nimewahi kutoa hapo majani ya kujaza ndoo, na ndani yake kiota cha panya. Sauti ya kugonga inayobadilika kila unapokata kona mara nyingi ni jani gumu au kitu kidogo kilichodondokea kwenye bilauri ya feni.

Vipande vyeusi vya sponji vikianza kukurukia usoni, ujue sponji iliyobandikwa kwenye vilango imeoza kwa umri, na hewa sasa inavuja pembeni mwao. Vilango bado vinazunguka lakini havizibi. Dawa yake ni kufungua sanduku na kubandika sponji mpya, kazi ya siku nzima ambayo sioni haja ya kuifanya isipokuwa sanduku linafunguliwa kwa sababu nyengine.

Ukungu wa kioo, ndani na nje

Swali la kwanza ni ukungu uko upande gani, na jawabu lake ni kidole: pitisha kidole ndani ya kioo, na kama alama haibaki, ukungu uko nje. Tofauti hii ni kubwa kwa sababu dawa zake zinapingana.

Ukungu wa ndani hutokana na unyevu wa pumzi, nguo na mazulia yaliyorowa. Kosa la kawaida ni kuacha kile kilango cha kwanza kikizungusha hewa ya ndani, jambo ambalo watu hulifanya mchana ili AC ipoze haraka kisha wakalisahau usiku wa mvua. Weka hewa ya nje, elekeza kwenye kioo, washa AC, na usogeze kidhibiti cha joto kuelekea kwenye joto kidogo. AC hukausha hewa kwa kuugeuza unyevu wake kuwa matone ya maji kwenye evaporeta, kisha hita huipasha ili iweze kubeba unyevu zaidi kutoka kwenye kioo, na vitu hivyo viwili vikifanya kazi pamoja kioo husafika katika muda mfupi. Asiyekuwa na AC atumie hita na hewa ya nje, na afungue dirisha moja kiasi cha vidole viwili. Kioo chenye utando wa mafuta na vumbi kwa ndani hushika ukungu upesi zaidi, kwa hiyo kisafishe kwa maji yenye sabuni kidogo na kitambaa kikavu kabla ya masika.

Ukungu wa nje ni ugeni kwa vitabu vya nchi za baridi lakini hapa kwetu ni jambo la kila siku. Hewa yenye nyuzi joto 27 na unyevu wa asilimia 85, ambayo ni hali ya kawaida ya usiku wa masika, huanza kuacha umande ikigusa kitu chenye nyuzi 24 hivi. Ukielekeza AC kali kwenye kioo, kioo hupoa chini ya kiwango hicho na umande hutanda kwa nje. Dereva akidhani ni ukungu wa ndani huongeza baridi, na hali huzidi kuwa mbaya. Piga waipa, ondoa hewa kwenye kioo uielekeze usoni au miguuni, na upunguze baridi.

Ikiwa umeelekeza hewa kwenye kioo lakini inaendelea kutoka usoni, vilango vya ugawaji havitii. Katika gari za kebo, kebo imechomoka au kibano chake kimevunjika, na unaweza kuiona kwa kulala chini ya dashibodi na tochi huku mtu mwengine akizungusha kidhibiti. Katika gari ambazo vilango huzungushwa na mota ndogo, utasikia mlio wa tik-tik-tik wa jino la gia lililovunjika.

Maji kwenye zulia la abiria

Maji chini ya miguu ya abiria wa mbele yana vyanzo vitatu, na kila kimoja kina harufu na rangi yake. Yakiwa safi, yasiyo na harufu, na yakionekana AC inapowashwa, bomba la kutolea maji ya evaporeta limeziba. Hutokeza kwenye ukuta wa bati upande wa injini au chini ya gari, na huzibuliwa kwa waya laini au kwa kupulizwa kwa pumzi, si kwa upepo mkali wa kompresa unaoweza kulichomoa kwa ndani. Yakija baada ya mvua tu, rudi kwenye majani yale chini ya waipa. Yakiwa na rangi ya kijani au nyekundu, yakinata kidogo kati ya vidole, yakiambatana na harufu tamu na utando wa mafuta kwenye kioo, rejeta ndogo ya hita inavuja na maji ya injini yako yanapungua kila siku. Hilo la tatu lisisubiri. Maji ya kupozea injini yana sumu, na watoto na wanyama wasiachwe karibu nayo.

Hewa ya moto usiyoitaka

Hili nalo ni lalamiko kubwa katika gari kuukuu za kwetu: umezima kila kitu, ni mwezi wa Februari, na bado hewa inayotoka miguuni inaunguza. Kabla ya kukata mpira wowote, fungua boneti na utafute mipira miwili inayoingia kwenye ukuta wa bati. Katika baadhi ya gari mmoja wao una valvu ndogo inayovutwa na kebo. Weka kidhibiti kwenye baridi, uone kama mkono wa valvu umefika mwisho wake. Mara nyingi haujafika, kwa sababu kebo imeteleza. Legeza kibano, sukuma mkono wa valvu kwa kidole mpaka ufunge, kisha bana tena. Injini ikiwa imepata moto, gusa mipira kwa uangalifu kwa nyuma ya vidole: valvu iliyofunga vizuri huacha mpira mmoja ukiwa moto na mwengine ukiwa umepoa. Ikiwa yote ni moto sawasawa, valvu haifungi kwa ndani na inataka kubadilishwa.

Gari zisizo na valvu huwa na mipira miwili ya moto wakati wote, na kazi ya kuzuia joto ni ya kilango cha pili peke yake. Hapo angalia kebo ya kilango hicho chini ya dashibodi.

Ikiwa hakuna njia ila kuikata hita kwa muda, basi mipira iunganishwe ili maji yaendelee kuzunguka, wala isizibwe kwa vizibo, kwa sababu katika baadhi ya injini mzunguko wa hita ndio unaopitisha maji wakati thamostati, ile valvu inayoyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, imefunga. Tumia bomba lenye kipenyo sawa na mpira, na vibano viwili vya skrubu.

Hita baridi: habari kutoka kwenye injini

Wengi watauliza kwa nini tujali hita isiyotoa joto hapa kwetu. Mimi huijaribu kila mwezi, kwa kuwa hita ni dirisha la kuonea hali ya maji ya injini bila ya kufungua kitu.

Washa injini mpaka geji ifike mahali pake pa kawaida, weka joto la juu kabisa, na uwashe feni. Hewa ikibaki vuguvugu na geji nayo ikikaa chini hata baada ya mwendo wa nusu saa, thamostati imekwama ikiwa wazi au, jambo ambalo ni la kawaida sana katika gereji zetu, imetolewa kabisa kwa dhana kwamba nchi ya joto haiihitaji. Dhana hiyo nasikitika kuisikia. Thamostati ya kawaida hufunguka baina ya nyuzi 80 na 90, na injini inayofanya kazi chini ya hapo hula petroli zaidi na kusagika mapema. Kama injini ilichemka, sababu ilikuwa kwengine, na kutoa thamostati kumeificha.

Hewa ikiwa baridi ilhali geji iko sawa, gusa ile mipira miwili. Mmoja ukiwa moto na mwengine baridi, na valvu iko wazi, rejeta ndogo imeziba. Visima vyetu vya Unguja viko katika mawe ya matumbawe, na maji yake huacha chokaa kama ile unayoiona ndani ya birika. Gari iliyojazwa maji ya kisima kwa miaka hujenga chokaa na kutu katika mirija membamba ya hita kabla ya mahali pengine popote. Mipira yote miwili ikiwa baridi, maji yamepungua au kuna hewa iliyonaswa.

Na hali ya hatari zaidi ni hii: gari inapanda milima ya Pemba ikiwa na magunia ya karafuu, geji inaanza kupanda, unawasha hita kwa nguvu zote ili isaidie kuondoa joto kwenye injini, kama inavyopaswa kufanywa, lakini hewa inayotoka ni baridi. Maana yake ni kwamba maji hayafiki tena kwenye hita, na pengine hayamo. Simama hapo hapo na uzime injini. Usifungue mfuniko wa rejeta mpaka uweze kuushika mpira wa juu kwa mkono mtupu bila ya kuungua.

Harufu ya moshi ndani ya gari

Ukisikia harufu ya moshi wa ekzosi ndani, acha vipimo vyengine vyote. Moshi huo una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu yake yenyewe, inayoweza kuua. Fungua madirisha, usikae ndani injini ikinguruma, na mpelekee fundi gari ikaguliwe maungio ya ekzosi, gasketi zake, na raba za mlango wa nyuma. Maumivu ya kichwa yanayokuja kila ukiendesha na kupotea ukishuka ni dalili inayotosha, hata bila ya harufu.

Kusafisha na kujaza upya

Hitilafu ya hita iliyoziba au maji yaliyojaa kutu hutibiwa kwa kazi moja. Injini ikiwa baridi kabisa, mwaga maji ya rejeta kwenye beseni, si kwenye mchanga. Chomoa mipira miwili ya hita na upitishe maji ya bomba kwa nguvu ndogo, kwanza kwa kinyume cha mwelekeo wa kawaida, kisha kwa mwelekeo wake, mpaka yatoke meupe. Usitumie nguvu kubwa. Rejeta ya umri wa miaka 25 hupasuka kwa shinikizo ambalo lingeonekana dogo. Kagua mipira: ikiwa imepasuka nyufa ndogo unapoikunja au imelainika kama ulimbo, ibadilishe sasa, pamoja na vibano vyake.

Rudisha thamostati ikiwa ilitolewa, na gasketi mpya. Jaza kulanti, yaani dawa ya maji ya kupozea injini, iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, yale ya chupa za betri yasiyo na asidi, kwa sababu faida ya kulanti kwetu ni kuzuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka, si kuzuia kuganda. Weka kidhibiti cha joto kwenye moto wa juu ili valvu iwe wazi, paki gari huku pua yake ikiwa imeinuka kidogo, jaza polepole, na uwashe injini mfuniko ukiwa wazi. Mapovu yatatoka na maji yatashuka. Ongeza kila yanaposhuka. Thamostati inapofunguka mpira wa chini wa rejeta utapata moto ghafla, na hewa ya hita itageuka kuwa ya moto. Mapovu yakikoma, funga mfuniko. Mapovu yakiendelea bila ya kikomo hata baada ya injini kupata moto, shuku gasketi ya silinda hedi, na umwambie fundi apime kabla ya kuendelea na jengine.

Endesha gari siku hiyo karibu na nyumbani tu, na asubuhi ya pili, injini ikiwa baridi, fungua mfuniko na uangalie kiwango, kwa maana hewa iliyobaki huwa imeshapanda na kuacha nafasi ya kuongezwa kikombe kimoja au viwili.